Nani Alifuta Watu wa Ng'ambo

"Nani aliyafuta?"

"Mfumo, afande."

"Mfumo una mikono?"

Karani akaangalia meza. Inspekta Ndimu akashusha pumzi kwa nguvu mpaka karatasi zilizokuwa mbele yake zikasogea. Tangu akabidhiwe jalada hili, kila aliyemhoji alimtupia neno hilohilo. Mlinzi wa getini: mfumo. Mhasibu: mfumo. Hata mama wa usafi, aliyeulizwa tu nani hubaki na funguo za ofisi, alijibu kwamba siku hizi mambo yote ni mfumo. Jamani! Ofisi nzima ya watu wazima, wenye vyeti na vitambi, wamekaa wanakisingizia kitu kisichoweza kutiwa pingu.

Jina la Ndimu alipewa na wenzake kituoni kwa sababu ya sura aliyoivaa kila akidanganywa. Leo alikuwa ameivaa tangu asubuhi.

"Sikiliza, binti," alisema. "Mpango wa Ubunifu wa Mkoa umewaita wabunifu waombe nafasi. Watu wa ng'ambo ya mto wameomba, tena wengi. Ujumbe wa kupokelewa wanao kwenye simu zao, nimeuona kwa macho yangu. Leo ukiyatafuta maombi yao, hayapo. Na kila ombi lililopotea, wa mwisho kuligusa ni wewe. Jina lako, neno lako la siri, kiti chako. Mratibu wa Mpango anasema ulihongwa na watu wa eneo la Stendi uwaondolee washindani. Hilo likifika mahakamani, unafungwa. Tuko pamoja?"

"Tuko pamoja, afande. Sikufuta hata moja."

"Uliyagusa?"

Hapo karani akachelewa. Swali la kufuta alilijibu papo hapo, akimtazama inspekta usoni. Hili la kugusa lilimfanya aanze kuvuta vuta uzi wa mkono wa blauzi yake.

"Niliyafungua."

"Ili ufanye nini?"

"Kuyasoma tu."

"Kuyasoma tu! Watu wengine wanasoma magazeti, wewe unasoma maombi ya mashine." Ndimu akasimama. "Mimi sina kawaida ya kupiga kelele, ila leo nitapiga. Kamati inafunga orodha leo jioni, na orodha hiyo ndiyo itakayoamua karakana ya wabunifu inajengwa wapi. Una mpaka nirudi uamue kama unataka kunisaidia au unataka kukaa humu."

Akatoka. Kichwani alikuwa na mambo mawili yasiyopatana. Binti alisema kweli aliposema hakufuta, hilo angeliapia. Na alidanganya aliposema alisoma tu, hilo pia angeliapia. Mtu wa namna hii humchosha mpelelezi kuliko mwongo kamili, maana mwongo kamili unajua pa kumshikia.

Kwenye benchi la ukumbini alikaa mzee mmoja mwenye kofia iliyofifia rangi, amepakata bakuli la chakula lililofunikwa kitambaa. Alipomwona Ndimu akainuka haraka.

"Shikamoo... samahani, yaani wewe ndiye unayestahili kuniamkia, lakini kwa afande mtu anachanganyikiwa."

"Marahaba mzee wangu, na mimi nakwambia shikamoo. Unamsubiri nani?"

"Mpwa wangu huyo mliyemfungia. Mimi ni mjomba wake, kaka wa mama yake, tumbo moja. Nimemlea mimi."

"Na wewe ni mtu wa ng'ambo?"

"Ng'ambo kabisa. Tena na mimi nimefutwa!" Alisema kwa sauti ya kulalamika na kujivuna kwa pamoja. "Niliomba na mashine yangu ya kupukuchua mahindi, ya pedali. Unakaa, unaendesha kama baiskeli, punje zinamwagika huku, magunzi kule. Nimeitengeneza miaka, mke wangu alishaniambia nihamie nayo chumba kimoja. Sasa naambiwa sikuomba! Nimeomba, jamani!"

Ndimu akakaa naye benchini. Hakuwa na haraka ya kurudi kwenye ofisi ya watu wa mfumo.

"Mzee, huogopi kwamba ni huyuhuyu mpwa wako aliyekufuta?"

"Nani? Huyu?" Mjomba akacheka mpaka bakuli likatikisika. "Wenzangu kule wananiambia hivyohivyo. Nimegombana nao. Nimewaambia mkilitaja tena jina la mtoto huyu, na salamu basi. Fundi redio ndiye mbaya zaidi, kwa sababu yeye amepata. Amepata halafu ananipa pole! Na tuliomba pamoja, siku moja, benchi moja. Yeye akabonyeza, mimi nikabonyeza."

"Benchi la wapi?"

"Si pale Stendi, nje ya duka la vocha."

"Kwa nini Stendi? Si mngeomba mkiwa nyumbani?"

Mjomba akamtazama kwa huruma. "Mwanangu, kule kwetu simu ni ya kuangalia saa tu. Netiweki haishiki. Ukitaka kutuma kitu unavuka mto, unapanda mpaka Stendi. Sote ndivyo tunavyofanya."

Ndimu akapanga hesabu kichwani. Watu wawili wa kijiji kimoja, benchi moja, siku moja. Mmoja yumo, mwingine hayumo. Kama karani alihongwa awaondoe watu wa ng'ambo, mbona alimwacha fundi redio? Na kama aliwapendelea watu wake, mbona amwondoe mjomba aliyemlea?

"Mzee, kaa hapahapa. Chakula chake nitamruhusu apate."

"Nikae? Nilikuwa nakwenda wapi?" akajibu Mjomba, akalirudisha bakuli magotini.

Ofisi ya Mpango ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la vifaa vya umeme. Kwenye chumba cha mikutano, viti vilikuwa vimefutwa vumbi na chupa za maji zimepangwa kwa ajili ya Kamati. Mratibu, mwanamume mnene aliyekuwa akijipepea kwa bahasha, alimpokea Ndimu kwa tabasamu la mtu mwenye wageni wengine njiani.

"Inspekta, karibu. Nilidhani hilo limekwisha. Binti amekiri?"

"Amekiri kwamba anajua kusoma. Nataka kuona mnavyoyahesabu haya maombi."

Mratibu akamwita Mtaalamu wa Vipimo, kijana mwembamba wa miwani, aliyefurahi mno kuulizwa. Aliwasha mashine, na ramani ya mkoa ikajitandaza ukutani. Mjini kijani, Stendi kijani kibichi zaidi, Bondeni njano ya kupendeza. Juu yake yaliandikwa maneno makubwa: Kipimo cha Usawa, tisini na sita kwa mia.

"Ni ya juu kuliko mikoa yote jirani," alisema Mtaalamu. "Tunachukua waliopata, tunagawa kwa walioomba, eneo kwa eneo. Maeneo yakikaribiana, usawa upo."

"Na hapo ng'ambo ya mto mbona pameachwa kijivu?"

"Hapo hakuna waombaji. Wawili watatu tu, hawatoshi kuhesabika."

"Eneo zima."

"Ndiyo. Na eneo lisilo na waombaji tunaliondoa kwenye hesabu. Hakuna aliyeomba, kwa hiyo hakuna aliyenyimwa."

Ndimu akamtazama kijana yule kuona kama anatania. Hakuwa anatania. "Kwa hiyo mkiwa hamumhesabu mtu kabisa, alama zenu zinapanda."

"Kitaalamu hatusemi hivyo, afande."

"Najua hamsemi. Mimi ndiye nasema." Akavuta kiti, akakaa bila kukaribishwa. "Mtu akiomba, mnajuaje anatoka wapi?"

"Mfumo unasoma simu ilikuwa wapi wakati wa kutuma."

"Si fomu ina sehemu ya makazi? Mtu si anaandika mwenyewe anakoishi?"

Mratibu akaingilia kati, bahasha ikaongeza kasi. "Inspekta, ngoja nikueleze, maana watu wanatulaumu bila kujua. Mwaka jana tulifuata makazi waliyoandika. Tukatangaza ng'ambo wana nafasi maalumu kwa sababu wameachwa nyuma. Weee! Mji mzima ukahamia ng'ambo. Mwenye hoteli ni mtu wa ng'ambo. Daktari wa meno, ng'ambo. Hata mtoto wa mjumbe mmoja wa Kamati, ambaye hajawahi kuuvuka huo mto, akaandika ng'ambo. Tukaaibika vibaya. Ndiyo tukasema basi, mdomo unadanganya, simu haidanganyi."

Ndimu alitaka kukasirika na akashindwa, kwa sababu maelezo yale yalikuwa na akili. Hilo nalo likamkasirisha. Mwizi angekuwa nafuu.

"Nionyeshe ombi la fundi redio wa ng'ambo," alisema.

Mtaalamu akalitafuta. Lilikuwepo. Makazi aliyoandika mwenyewe: ng'ambo. Eneo kwa mujibu wa mfumo: Stendi.

"Limehesabiwa la nani hili?"

"La Stendi."

"Yule ni mtu wa Stendi?"

"Kwa mujibu wa..."

"Usiniambie mfumo. Nakuomba kwa heshima zote, usilitaje hilo neno mbele yangu." Ndimu akakisogelea kioo. "Karani aliligusa ombi hili?"

Mtaalamu akafungua ukurasa mwingine. "Hapana. Hajalifungua kabisa."

"Na la huyu mzee wa mashine ya mahindi?"

"Hilo halipo. Ila alama ya karani ipo. Alilifungua, akabadilisha kitu, akahifadhi. Ni la kwanza kabisa kwenye yale aliyoyagusa."

"Unaona sasa?" alisema Mratibu. "Alilolishika limepotea, asilolishika lipo. Ushahidi gani tena unautaka, Inspekta?"

Kwa kweli ulikuwa ushahidi mbaya, na Ndimu alijua. Lakini mtu anayetaka kufuta anafuta. Kwa nini ahangaike kubadilisha kitu kwanza, halafu ahifadhi? Alikumbuka vidole vya binti vikivuta uzi wa blauzi.

"Tufanye jaribio," alisema. "Chukua nakala ya ombi la fundi redio, tia humo kama ombi jipya. Sawa. Sasa jifanye wewe ni karani. Unaona limeandikwa Stendi, na wewe unamjua huyu mtu, ni jirani yako, hajawahi kulala Stendi hata siku moja. Unafanyaje?"

Mtaalamu akasita. "Nabadilisha eneo, naandika ng'ambo."

"Badilisha. Hifadhi. Limepotea?"

"Hapana. Lipo."

"Baada ya hapo kinafuata nini kwa kawaida?"

"Chujio. Kila jioni tunapitisha chujio la udanganyifu. Linalinganisha eneo lililoandikwa na mahali simu ilipokuwa. Visipolingana..." Sauti ya kijana ikaanza kupungua.

"Pitisha."

Akabonyeza. Mstari wa kijani ukatembea kioo kizima. Ulipofika mwisho, nakala ya ombi la fundi redio haikuwepo tena.

"Linafanya kazi vizuri kabisa," alisema Mtaalamu kwa mazoea, kisha akaonekana kujutia.

"Limekwenda wapi?"

"Kwenye kapu la wadanganyifu. Hatulifunguagi. Likiingia humo, mwombaji haonekani tena popote."

"Lifungue leo."

Kapu likafunguka, na watu wa ng'ambo wakaanza kushuka kwenye kioo, mmoja baada ya mwingine. Mama wa majiko ya udongo yasiyotoa moshi. Vijana wa pampu ya maji. Mwalimu mstaafu na kifaa chake cha kupimia mbolea. Juu yao wote, wa kwanza, mzee wa mashine ya mahindi, na pembeni ya jina lake neno jekundu: mdanganyifu. Mratibu aliacha kujipepea.

"Hakufuta," alisema Ndimu. "Aliwahamisha awarudishe kwao. Chujio lenu likawakamata kwa sababu aliwarudisha."

Mratibu akamwomba Mtaalamu awapishe, akafunga mlango. Aliporudi kitini, sauti yake ilikuwa imeshuka na kuwa ya kirafiki.

"Inspekta, tuzungumze kama watu wazima. Kamati iko njiani. Wewe andika hitilafu ya mfumo. Mimi nafuta mashtaka sasa hivi, binti anakwenda nyumbani kwao leo na kesho anarudi kazini. Hakuna aliyeumia."

"Na hawa walio kwenye kapu?"

"Mwaka ujao wataomba tena."

"Na karakana?"

"Karakana inakwenda Stendi, ndiko kwenye waombaji wengi. Wewe mwenyewe umeona ramani."

"Waombaji wa Stendi nusu yao wamevuka mto kuja kutafuta netiweki!"

"Taratibu, Inspekta. Kanuni si yangu. Ombi linatoka kwenye kapu kwa njia moja tu: ikithibitishwa kwamba aliyelibadilisha ni mtumishi wa ofisi, si mwombaji. Yaani binti atoe maelezo ya maandishi kwamba alichezea kumbukumbu bila idhini. Akishatoa, leo hii kapu linafunguliwa, ninalazimika. Lakini yeye kazi hana, na shtaka la kuchezea kumbukumbu linabaki palepale. Ni kweli au si kweli?"

Ilikuwa kweli, na ndicho kilichomtia Ndimu uchungu. Alikwishaifungua ile sheria mara nyingi kazini kwake. Haikuuliza mtu aliichezea kumbukumbu kwa nia gani.

"Alikuomba ruhusa ya kuyarekebisha?" aliuliza akiwa mlangoni.

Mratibu akachukua bahasha yake. "Aliwahi kusema kitu. Watu husema mambo mengi ofisini."

Kituoni, Ndimu alimkuta karani amekaa vilevile. Safari hii hakukaa ng'ambo ya meza. Alivuta kiti akakaa upande wake.

"Uliyahamisha," alisema.

Binti akafumba macho. "Nilimwambia Mratibu. Nikamwambia Mtaalamu. Kila mmoja ananiambia mfumo haudanganyi. Afande, mimi nimezaliwa kule! Naona jina la jirani yangu limeandikwa Stendi, na kwenye ramani kwetu ni kijivu, kama hakuna watu. Nikawa nabaki baada ya kazi, nahamisha machache machache. Nilijua ni kosa. Ila kufuta sikufuta, haki ya Mungu."

"Najua."

"Sasa nani aliyafuta?"

Ndimu alikuwa ameshapeleka habari za misiba kwenye nyumba za watu, na hata hivyo hii ilimshinda kuianza. Akamweleza polepole. Simu iko Stendi, ombi limeandikwa ng'ambo, chujio linapita, haviendani, mwombaji anatupwa. Akamweleza kwamba yale ambayo hakuwahi kuyafikia yote yapo, mengine yameshinda, na yote yanahesabiwa ya Stendi.

Karani alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo ningewaacha, wangepata."

"Wengine wao, ndiyo."

"Na Mjomba?"

"Yumo kapuni."

"Wa kwanza," alisema binti. "Nilianza na yeye. Nilisema nianze na Mjomba, hata nikikamatwa njiani awe ameshafika." Akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio hapohapo, cha hasira, akijipiga paja kwa ngumi. "Mjinga mimi! Mjinga kabisa!"

Ndimu akamwacha alie. Alipotulia akamwekea mezani pendekezo la Mratibu lote kama lilivyo, bila kulipunguza na bila kulipamba: hitilafu ya mfumo na nyumbani leo, au maelezo yake na kapu kufunguliwa.

"Sikushauri," alisema. "Mimi ni polisi, kazi yangu ni kuandika utakachosema. Ila usije ukaniambia baadaye hukujua. Ukisaini, mimi mwenyewe ndiye nitakayekurudisha ndani."

"Kamati inafunga saa ngapi?"

"Jioni hii."

Karani akajifuta uso kwa kiganja. "Andika, afande."

"Una hakika?"

"Afande, usinichoshe na wewe. Wale watu wameandikwa wadanganyifu kwa mkono wangu. Andika kwamba nilihamisha mimi, bila ruhusa, na uandike nilishamwambia nani kabla. Hilo la mwisho usilisahau."

Akaandika. Hakulisahau. Binti akasoma mstari kwa mstari, akasahihisha mahali pamoja, akasaini. Ndimu akampa askari wa zamu karatasi zile azipeleke mbio kwa Kamati, mkononi mwa mwenyekiti na si kwa Mratibu, kisha akamshika karani mkono kumpeleka mahabusu.

Njia ya mahabusu ilipita ukumbini. Mjomba alipowaona akaruka kutoka benchini, bakuli mkono mmoja, mwingine ameutandaza kumkumbatia mpwa wake.

"Ameachiwa! Si niliwaambia?" Aliwageukia watu wote waliokaa pale, hata wasiomjua. "Nimegombana na kijiji kizima kwa ajili yake. Nikawaambia, semeni yote, lakini mtoto wa dada yangu hawezi kunifuta mimi!"

Karani akalichukua bakuli mikononi mwake, akaliweka chini.

"Mjomba," alisema, "kaa kwanza."